Nibadili shilingi zangu ninunue dola? Majibu ya maswali yenu ya akiba

Nafundisha sekondari Morogoro, nina akiba ya shilingi milioni 5.4. Wenzangu wananihimiza ninunue dola kabla shilingi haijashuka tena. Nifanyeje?

Mwalimu, pesa hiyo ina kazi gani, na utaihitaji lini? Kama ni ada ya mwanao na bati za nyumba, vyote hivyo utavilipia kwa shilingi. Tena tangu Machi 2025 kanuni zinakataza bidhaa na huduma za hapa nchini kutozwa kwa fedha za kigeni.

Tazama yaliyotokea 2024. Katikati ya mwaka, dola zilipokuwa adimu, moja ilifika karibu shilingi 2,700. Aliyeingiwa na hofu akabadili milioni 5.4 alipata dola 2,000. Msimu wa watalii na korosho ukaleta fedha za kigeni, na Desemba dola ikashuka hadi karibu 2,400. Dola zake zilezile zikawa na thamani ya milioni 4.8. Laki sita zimekwenda, na hapo sijagusa tofauti ya bei ya kununulia na ya kuuzia pale dirishani. Mwaka uliofuata dola ikapanda tena, kisha ikashuka tena. Kwa mtu anayelipwa kwa shilingi na kutumia shilingi, hiyo ni kamari, na nakusihi usiingie.

Anayeagiza mzigo Guangzhou au mwenye mtoto anayesoma nje ana sababu ya kuweka dola. Anunue kidogokidogo kila mwezi na aziweke benki.

Redioni wanasema mfumuko wa bei ni asilimia 3. Mbona mimi mama lishe wa hapa Mwanza naona pesa inaisha upesi zaidi?

Dada yangu, huoni vibaya. Kikapu ambacho Ofisi ya Taifa ya Takwimu hukitumia kupima mfumuko wa bei kina nauli, mavazi, pango, simu na mengine mengi. Chako wewe kina mchele, maharage, mafuta ya kula na mkaa. Chukua daftari, kila mwisho wa mwezi uandike bei ya vitu kumi unavyonunua sana. Hicho ndicho kipimo cha biashara yako.

Na hata asilimia 3 inauma pesa ikilala. Milioni moja ikikaa kwenye kibubu miaka mitano kwa mwendo huo, itanunua vitu ambavyo leo ungevipata kwa 860,000 hivi. Kwako wewe, kama una stoo kavu isiyo na panya, magunia ya mchele yaliyonunuliwa wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, ni akiba halali kabisa.

Naendesha bodaboda Mbeya. Hatifungani za serikali si za matajiri?

Hapana, kaka. Hatifungani ni mkopo unaoipa serikali kwa miaka kadhaa, nayo inakulipa riba. Unaweza kuanza na milioni moja. Unafungua akaunti kupitia benki au dalali wa Soko la Hisa la Dar es Salaam, na riba unalipwa kila baada ya miezi sita. Usikubali kuahidiwa riba za zamani: mwaka 2021 hatifungani ya miaka 25 ilikuwa na asilimia 15.95, baadaye viwango vikapunguzwa. Benki Kuu huziuza kwa mnada, basi soma tangazo lake la mnada unaoingia wewe. Lingine lisilosemwa vya kutosha: ukikwama ukalazimika kuuza kabla ya muda, bei ya sokoni siku hiyo inaweza kuwa chini ya uliyolipa.

Kama milioni bado, Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya serikali inayosimamia mifuko ya uwekezaji wa pamoja, unapokea kiasi kidogo, na ukitaka pesa yako unaipata ndani ya siku chache.

Nimestaafu, naishi Tanga. Kiinua mgongo chote nikinunulia viwanja?

Shikamoo mzee wangu. Chote, hapana. Kiwanja kwa kawaida huhimili mfumuko wa bei, lakini hakiuziki siku unapolazwa hospitali. Tenga kwanza matumizi ya mwaka mzima. Na kabla ya kulipa hata shilingi, fanya upekuzi wa hati ofisi ya ardhi.

Kikoba chetu kina sanduku lenye kufuli tatu, na pesa hukaa humo mpaka tugawane Desemba. Ni sawa?

Kufuli zinazuia mwizi tu. Zikopesheni kwa wanachama wenye biashara, kwa riba mliyokubaliana, na zinazobaki zipelekeni kwenye akaunti ya kikundi yenye faida, yenye watia saini watatu kama ilivyo kwenye funguo zenu.