Binti na judo: jibu langu kwa mama aliyeuliza

Dada yangu, umeuliza kama binti yako wa miaka 12 akiingia kwenye judo, mchezo wa Kijapani wa kuangushana, anaweza kufika mashindano ya kimataifa, au atapoteza tu muda wa shule. Nimecheza uzito wa kilo 57 kwa miaka tisa, nimetoka nje ya nchi mara nne, na sasa nafundisha wasichana jioni.

Anaweza. Ila usiangalie nguvu zake peke yake, angalia nani atamfundisha na nani atalipa nauli.

Mwaka 2013 nilikuwa kwenye mashindano ya kanda. Mpinzani wangu aliinua mguu anifagie, nikaudaka kwa mkono wa kushoto, nikambwaga chali. Nikasimama nikijua nimeshinda. Refa akanitoa. Sheria zilikuwa zimebadilika mwaka uleule, wakati huo kushika mguu ukiwa umesimama kulikuwa ni kufukuzwa mkekani papo hapo, na klabuni kwetu hakuna aliyetuambia. Tulikuwa tukiifanyia mazoezi mbinu ile kila Jumatano! Safari ya basi siku mbili, nikacheza chini ya dakika moja. Nililia chooni, mkanda bado uko kiunoni.

Kilichonirudisha mazoezini ni kisa cha Rafaela Silva wa Brazil, aliyecheza uzito wangu huohuo. Amekulia Cidade de Deus, mtaa wa watu maskini Rio de Janeiro. Olimpiki ya London 2012 alitolewa kwa kosa la namna hiyohiyo, kushika mguu, akicheza na Hedvig Karakas wa Hungaria. Akafungua simu akakuta matusi ya rangi yake kutoka kwa watu wa nchi yake mwenyewe. Alitaka kuacha. Kocha wake tangu utotoni, Geraldo Bernardes, hakumwacha. Mwaka uliofuata akawa bingwa wa dunia, palepale Rio. Mwaka 2016 akakutana tena na Karakas robo fainali ya Olimpiki, akamshinda, kisha fainali akamwangusha Sumiya Dorjsuren wa Mongolia. Ndiyo ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Brazil katika michezo ile. Nimeitazama fainali hiyo sijui mara ngapi, na kila mara naangalia vidole vyake vinavyotafuta ukosi wa mwenzake.

Kocha huyohuyo ndiye aliyemnoa Yolande Mabika, mzaliwa wa Bukavu, aliyekwenda Rio 2013 kuiwakilisha Kongo akabaki huko, akacheza Olimpiki ya 2016 katika timu ya kwanza ya wakimbizi. Alitolewa pambano la kwanza. Kwangu mimi kufika pale tu ni kazi kubwa.

Sasa nauli. Ili ufuzu Olimpiki unakusanya pointi kwa kusafiri, mashindano baada ya mashindano. Rafaela aliajiriwa na jeshi la majini la nchi yake, mshahara unaingia akiwa mazoezini. Mimi nilikuwa nauza vitenge asubuhi. Kwa hiyo uliza mapema kama klabu ina mfadhili, na shule asiache kwa namna yoyote.

Dawa nazo. Mwaka 2019 Rafaela alipimwa akakutwa na fenoterol, dawa ya pumu iliyopigwa marufuku michezoni. Alijitetea kwamba ilimfikia kwa kucheza na mtoto mchanga aliyekuwa akiitumia. Hawakumkubalia: akanyang'anywa dhahabu ya Michezo ya Nchi za Amerika, akafungiwa miaka miwili, Olimpiki ya Tokyo ikampita. Akarudi, akawa bingwa wa dunia tena huko Tashkent, Uzbekistan, 2022, na Paris 2024 akaishindia timu ya Brazil pambano la mwisho lililoleta shaba. Mzoeshe binti kumwambia kocha kila kidonge anachomeza, hata cha mafua.

Na kocha akimwambia mtoto wa miaka 12 ajinyime chakula apunguze uzito, mtoe siku hiyohiyo. Nimeshawahi kulala bila kunywa maji kwa ajili ya nusu kilo. Mtoto anayekua apande uzito unaofuata, basi.

Siku ya kwanza kaa pembeni utazame. Mwezi mzima wa mwanzo asimwangushe mtu. Ajifunze kuanguka: kidevu kifuani, mkono unapiga mkeka kabla ya mgongo, paa! Ukiona wanaruka hatua hiyo, mchukue mrudi nyumbani, mtafute klabu nyingine.