Kabla ya Kuuliza Usharika Unaumwa Wapi

Semina yangu ya kwanza ya kusaidia usharika ujitathmini, kule Mufindi mkoani Iringa, ilikufa saa nne na nusu asubuhi, hata chai haijaletwa. Nilikuwa nimebandika karatasi kubwa ukutani, juu yake nimeandika "Udhaifu Wetu", nikasimama na kalamu nikingoja. Wazee wa kanisa wakatazama sakafu. Mwishowe mmoja akasema mahudhurio yameshuka kwa sababu mwinjilisti hatembelei watu. Mwinjilisti, aliyekaa karibu na mlango na gumbuti zake za matope, akajibu kwamba ana mitaa mitatu, hana hata baiskeli, na mvua hiyo mnaiona wenyewe. Kuanzia hapo haikuwa semina tena, ilikuwa kesi.

Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimetoka kumsoma Mjerumani Christian Schwarz, aliyekusanya majibu kutoka makanisa zaidi ya 1,000 katika nchi 32, akapata sifa nane za kanisa linalokua: uongozi, karama, ibada, vikundi vidogo na nyinginezo. Mfano wake ni pipa la mbao: maji hayapandi kupita ubao ulio mfupi kuliko wote. Kwa watu wa Mufindi, ambako mbao ni maisha, niliuona mfano huo kama umetungwa kwa ajili yao. Nikakimbilia ubao mfupi, yaani ile sifa iliyo dhaifu. Nusu ya pili ya maneno yake niliiruka, kwamba ubao mfupi unainuliwa kwa nguvu ya ile mirefu.

Msiba ndio uliotuokoa. Kabla ya saa sita ikagongwa ile rimu ya gari inayotumika kama kengele. Kibarua mmoja wa shamba la chai alikuwa amefariki, kwao mbali, na pale hana ndugu. Mama mmoja wa kikundi cha wanawake akatoa kaunta buku kwenye kikapu, kona zake zimeliwa na moshi wa jikoni, akaanza kuita jumuiya moja moja: ninyi kuni, ninyi maji, ninyi unga na maharage, masufuria yako kwa fulani. Vijana ambao Jumapili huwaoni wakatokea na sururu na machepe. Jioni kwaya ikaenda kukesha, na sikusikia mtu akiwaomba. Mimi nilipewa ndoo.

Usiku ule, kwenye baridi, kando ya moto uliokuwa unafifia, nikajiuliza ni usharika gani huo niliokuwa nauandikia udhaifu asubuhi.

Tulipokutana tena sikubandika karatasi. Niliuliza swali moja: "Mara ya mwisho mliona kabisa kwamba hapa ndipo kanisa, ilikuwa lini?" Swali la namna hiyo nimelipata kwa David Cooperrider, mwalimu wa chuo kikuu kimoja cha Cleveland kule Marekani, ambaye tangu miaka ya 1980 anasema kundi huelekea kule linakoulizwa. Ukiwauliza ugomvi, watakupa ugomvi. Kwa hili simbishii, nimelipia ada.

Walizungumza msiba kwa saa nzima. Kisha tukaliangalia daftari. Nikauliza ni nani mwingine anaweza kuandikwa humo akiwa bado hai. Wakaanza kutaja: mama aliyejifungua, mgonjwa aliyeruhusiwa kutoka hospitali, familia mpya iliyohamia kwenye kambi ya vibarua. Kurasa za nyuma zikapata vichwa vipya. Jumuiya zikaanza kwenda kwa zamu, na mwinjilisti akaacha kuwa mtu pekee anayelaumiwa kwa miguu yake miwili. Vibarua walioona mwenzao amezikwa kama mtoto wa nyumbani wakaanza kuja ibadani, wakikaa benchi la nyuma, karibu na mlango.

Ukitaka kufanya kazi hii, nguvu ya usharika itafute kwenye jambo linalofanyika hata kama mchungaji yuko safarini. Yale yanayotangazwa sana yachukulie kwa tahadhari. Usharika mwingine kwaya iliniambia nguvu yao ni uimbaji, kwa hiyo wanahitaji kinanda na spika kubwa. Nikauliza mwaka ule walikwenda kumwimbia nani nje ya kanisa. Kimya. Kuimba walijua kweli, ila walikuwa wanaimbiana wenyewe kwa wenyewe.

Usiwaweke wazee na vijana chumba kimoja siku ya kwanza. Huku kwetu kijana akisimama baada ya mzee atasema "mimi naungana na aliyetangulia", akae. Kina mama nao wape nafasi yao, maana daftari liko kwao. Na usiitishe kikao mwezi wa kumi na mbili, watu wako shambani; utakutana na mchungaji na mlinzi.

Halafu kuna mambo hayaponi kwa njia hii. Sadaka ikiwa imeliwa, usikae kuuliza watu wanajivunia nini. Fungua vitabu vya hesabu, ita wanaohusika. Nimewahi kuona mwezeshaji akiwapigisha watu makofi wakati mhasibu anahama na pesa za bati, na waumini walimwona mwezeshaji ni mshirika wake.

Mama wa daftari macho yake yamechoka. Mara ya mwisho nilipopita alikuwa anataja majina kwa kichwa tu, jumuiya kwa jumuiya, na mwandishi alikuwa kijana mmoja wa wale wa sururu. Baraza la wazee bado halina kijana hata mmoja. Nilipogusia hilo, mwenyekiti akacheka, akasema tulizungumze baada ya mavuno.