Pleokroizimu si kubadilika rangi kwa taa
Ndugu yangu, umeuliza kama neno “pleokroizimu”, uliloliona kwenye cheti cha safaya (aina ya kito) ya bonde la Umba, lina maana ya jiwe kubadilika rangi kati ya jua na taa. Hapana, na ni kosa ninalolisikia mara nyingi hapa Tanga. Pleokroizimu ni tabia ya fuwele (madini ambayo chembe zake zimepangika kwa utaratibu) kuonyesha rangi tofauti kulingana na upande unaotazamwa, ilhali mwanga ni ule ule; hutokea kwa sababu fuwele huugawa mwanga katika miale miwili inayotetema pande tofauti, na kila mmoja hufyonzwa kivyake. Safaya huonyesha rangi mbili. Tanzanaiti ghafi ya Mirerani huweza kuonyesha tatu, yaani buluu, zambarau na hudhurungi, na hiyo ya tatu hufifia jiwe likichomwa. Ganeti, kito kingine ambacho nacho hupatikana katika bonde la Umba, haina pleokroizimu, kwa kuwa mfumo wa fuwele zake ni wa mchemraba, usiougawa mwanga hivyo, hata ikiwa ni ile inayobadilika rangi kwa taa. Katika maandishi, sema “jiwe lina pleokroizimu”, kisha uzitaje rangi zenyewe, maana neno peke yake halimsaidii mnunuzi.