Anataka laki nne atuweke ukurasa wa kwanza wa Google. Tumlipe?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Tupo akina mama kumi na mmoja, tunabangua na kufungasha korosho hapa Masasi. Mwaka jana kijana mmoja alitutengenezea tovuti kwa laki sita. Mpaka leo haijaleta oda hata moja, wateja wote wanatupata WhatsApp. Tukimuuliza anasema tovuti haina shida, ila haipo ukurasa wa kwanza wa Google, na tukimpa laki nne ataiweka ndani ya siku saba. Tena anadai laki na nusu kila mwaka ya lile kufuli linalokaa kwenye anwani ya tovuti. Tumlipe?
Mama Mbanguaji, Masasi

JIBU: Msimlipe, dada. Na kabla hamjamwambia kwamba hamlipi, angalieni kimyakimya taarifa za usajili wa kikoa chenu, lile jina linaloishia na .co.tz. Limesajiliwa kwa jina la nani, na kwa barua pepe ya nani? Nikifungua kazi za namna hii hukuta jina la fundi mara nyingi mno. Mnalipa nyinyi, hati anashika yeye. Siku mkikosana naye, jina mlilolichapa kwenye pakiti zote linabaki mkononi mwake.

Kufuli nalimaliza haraka. Cheti chake hutolewa bure na Let's Encrypt, shirika lisilo la kibiashara, na kampuni nyingi za kukodisha seva, yaani kompyuta inapokaa tovuti, hukiweka na kukihuisha zenyewe. Fundi akidai ujira wa kazi aliyoifanya, sawa. Laki na nusu kila mwaka ni ya kazi gani?

Hiyo ya Google ndiyo inanichosha, maana naisikia karibu kila wiki. Google haiuzi nafasi kwenye matokeo yake ya kawaida. Inauza matangazo, nayo huwekewa alama kwamba yamelipiwa, na fedha ikiisha tangazo linashuka. Wao wenyewe wanaonya kwamba hakuna awezaye kumhakikishia mtu nafasi ya kwanza. Mchezo wa makanjanja ninaujua: atachukua simu, aandike jina la kikundi chenu, kisha awaonyeshe, "Mama, si hiyo hapo, ya kwanza!" Jina lenu hakuna mwingine anayelitumia, itakuwaje ya pili? Mnunuzi asiyewajua haandiki jina lenu. Anaandika korosho, anaandika W320, lile daraja la ukubwa wa korosho iliyobanguliwa, anaandika kilo na mji aliopo.

Niliifungua tovuti yenu. Imeandikwa "korosho tamu kutoka kusini", basi. Hakuna daraja, W240 wala W320, hakuna uzito wa pakiti, hakuna bei. Picha zimepandishwa kama zilivyotoka kwenye simu, nzito za kutosha kumla bando mtu wa Nanyumbu kabla hajaona korosho yenyewe. Picha ya kuonyesha pakiti haihitaji kuzidi kilobaiti mia mbili hivi.

Lakini hata hayo yakirekebishwa, bado kuna lile ambalo wateja wangu hawataki kulisikia. Wanadhani biashara ya mtandao ni kitu cha kununua, kama jokofu: unalipa, unachomeka, linagandisha. Wahenga walisema kizuri chajiuza. Hawakuwahi kuwa na tovuti. Angalieni minada ya korosho ghafi. Msimu wa 2024/2025 iliendeshwa kielektroniki kupitia TMX, yaani Soko la Bidhaa Tanzania, na watu wakaanza kusema kompyuta imeleta soko. Kompyuta ilikuta kazi imeshafanyika. Stakabadhi ghalani imekuwapo kwenye korosho tangu msimu wa 2007/2008: mzigo umepimwa, umepewa daraja, umelala ghalani na karatasi inausemea. Ndiyo maana mtu anaweza kutaja bei bila kuigusa korosho.

Sasa nyinyi: stoo yenu ina kilo ngapi leo saa hizi? Kama jibu lipo kwenye daftari la mtu mmoja ambaye ameenda msibani, tovuti itauza kilo arobaini ambazo WhatsApp iliziuza asubuhi. Anzeni na jedwali moja la mahesabu kwenye intaneti ambalo wote wanaopokea oda wanaliona na kulipunguza pale pale. Hiyo ndiyo tovuti yenu ya kwanza, na haigharimu laki nne. Kisha chagueni nani anajibu ujumbe, maana mnunuzi wa Dar anayejibiwa kesho kutwa ameshanunua kwingine. Malipo ya lipa namba yahakikisheni kwenye taarifa za akaunti yenyewe, kabla mzigo haujapanda basi. Picha ya ujumbe wa muamala si fedha. Kutengeneza ya uongo ni kazi ya dakika mbili.

Na hili si la Masasi tu. Wenye ufuta Lindi, wenye nyumba za wageni Mikindani, wauza samaki Kilwa, wote wanaletewa kifurushi hicho hicho: tovuti, wafuasi elfu kumi wa Instagram, ukurasa wa kwanza. Wafuasi wa kununuliwa hawali samaki. Anayekwambia umpe nenosiri la barua pepe ya biashara "ili kazi iende haraka", mwonyeshe mlango. Anayekutajia siku saba, mwulize atakachobadilisha siku ya kwanza ni nini hasa. Kanjanja hapo huanza kutaja maneno ya Kiingereza.

Kwa kijana wenu, mwandikieni kwa ujumbe, si kwa kupiga simu, kwamba mnataka kikoa kihamie kwenye jina la kikundi na mpewe funguo za seva. Akisema hilo nalo lina bei, niandikieni tena, mniambatishie risiti ya ile laki sita.