Kwa wanaoanza utabiri wa msimu: ulizeni kwanza bahari ya jirani

Mwaka 2015 nilijiaibisha kijijini kwetu. Nilikuwa bado mchanga kazini, Pasifiki inachemka, redio zote zinaimba El Niño, yaani joto hilo la Pasifiki, nami nikamwambia mjomba asilime bondeni vuli ile kwa kuwa mafuriko ya 1997 yanarudi. Mvua ilikuja, ya kutosha, lakini si gharika. Waliolima bondeni walivuna mahindi. Mjomba hakunigombeza. Alianza tu kuniita "Mtabiri", na watoto wakadaka.

El Niño ni jina la wavuvi wa Peru. Ndio waliouita hivyo mkondo wa maji ya vuguvugu ulioshuka pwani yao karibu na Krismasi, wakimkumbuka Mtoto Yesu. Huko mkondo unaonekana kwa macho. Kwetu habari zake hupitia kwa jirani, yaani Bahari ya Hindi, na jirani huyo ana mambo yake.

Kwa kawaida, wakati wa vuli upepo wa ikweta katika bahari yetu huvuma kuelekea mashariki. Maji ya moto hurundikana upande wa Sumatra na mawingu mazito hubaki hukohuko. Upepo ukigeuka, maji ya moto husukumwa kuja kwetu, Sumatra hupoa kwa maji baridi yanayopanda kutoka kilindini, na mvua huhamia Afrika Mashariki. Hiyo ndiyo dipoli chanya. El Niño mara nyingi huusaidia upepo kugeuka, lakini si lazima ugeuke kwa kiasi kilekile. Mwaka 1997 uligeuka hasa. Mwaka 2015, kidogo tu.

Tena mwaka 2019 Pasifiki ilikuwa imetulia, huku kipimo cha dipoli, yaani tofauti ya joto kati ya magharibi na mashariki ya bahari yetu, kikipita nyuzi 2. Vuli ikamwaga mpaka Januari, Novemba maporomoko ya udongo yakaua watu West Pokot, Kenya, na ng'ambo ya bahari Australia ikakauka na kuungua. Aliyekodolea macho Pasifiki peke yake alishtukizwa.

Kwa hiyo ramani ya kwanza kufungua asubuhi iwe ya joto la uso wa Bahari ya Hindi, ile inayoonyesha tofauti na wastani. Linganisha eneo la longitudo 50 hadi 70 mashariki na lile la 90 hadi 110. Halafu tazama upepo, usiruke hatua hii. Maji ya moto pwani peke yake yatakudanganya, maana bila upepo wa kuleta unyevu bara hupati kitu zaidi ya jasho.

Masika ni kesi nyingine. Uhusiano wake na haya yote ni dhaifu, na mimi mpaka leo naandika utabiri wa masika kwa woga.

Na ukimwambia mkulima "uwezekano wa asilimia 45 wa mvua juu ya wastani", yeye atasikia "mafuriko". Mwambie: katika miaka kumi kama huu, minne au mitano hupata mvua nyingi. Ataelewa, na ataamua mwenyewe.

Septemba 2023 dalili za bahari zote mbili zilikuwa zinaelekea kumoja. Nikampigia mjomba simu. Kabla sijamaliza salamu akauliza, "Mtabiri, ni ya Peru au ya kwetu?"

"Zote mbili, mjomba."

Vuli ile bonde hakuligusa.