Nitamtambuaje dume kati ya bata mzinga wadogo?

SWALI: Nina bata mzinga kumi na mmoja wa miezi mitatu hapa Mafinga. Nataka kubakiza dume mmoja na kuuza madume wengine, lakini karibu wote wanatandaza mkia. Je, wote ni madume?

JIBU: La, ndugu msomaji. Majike wachanga nao hutandaza mkia na kujivimbisha, hasa wanapogombana, kwa hiyo tafadhali usiuze hata mmoja kwa alama hiyo peke yake.

Tazama kwanza kile kinyama kinachoota juu ya mdomo. Kwa dume huwa kinene, na kadiri anavyokua hurefuka hadi kuning'inia pembeni mwa mdomo, ilhali kwa jike hubaki kifupi na chembamba. Kisha chunguza kichwa na shingo: dume huwa na ngozi tupu yenye vinundu vinavyoiva wekundu, naye jike hubakiwa na vinyoya vidogo vinavyopanda kisogoni. Kama ndege wako ni wa rangi ya shaba, manyoya ya kifua cha jike huwa na ncha nyeupe, na ya dume ncha nyeusi.

Ukubwa wa mwili na unene wa miguu husaidia, ingawa kifaranga dume aliyedumaa kwa baridi ya Juni na Julai anaweza kukudanganya.

Ningekushauri usubiri hadi wafikishe umri wa miezi mitano au sita, madume watakapokuwa wakibwabwaja kwa sauti kubwa ambayo majike hawana.