Mbunge Wetu Alishinda Mara Ngapi?

SWALI: Mhariri, salaam. Nafundisha Uraia sekondari hapa Arusha. Niliwapa wanafunzi kazi ya kuandika safari ya uchaguzi ya wabunge wa Arusha Mjini na Arumeru Mashariki tangu 2010, na madaftari yamerudi kila moja na lake. Godbless Lema kapewa vipindi vitatu na mmoja, viwili na mwingine. Joshua Nassari eti alivuliwa ubunge na mahakama. Tusahihishe vipi? *Mwalimu, Sakina*

JIBU: Mwalimu, pole na kazi. Wanafunzi wako wameandika miaka bila kuandika kiti kilivyopatikana na kilivyopotea, na hapo ndipo hesabu huharibika. Kwa kila ushindi waandike tarehe kamili ya kura, aina ya uchaguzi (mkuu, mdogo au ulioahirishwa), chama alichogombea siku ile, na sababu ya kiti kumtoka.

Lema alichaguliwa kwa tiketi ya Chadema katika uchaguzi mkuu wa 31 Oktoba 2010. Tarehe 5 Aprili 2012 Mahakama Kuu Arusha ikatengua ushindi huo kwa madai ya lugha ya kashfa kwenye kampeni. Akakata rufaa, na tarehe 21 Desemba mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikamrudishia kiti, kwa hoja kwamba wapiga kura waliofungua kesi hawakuwa na haki ya kuifungua, maana hakuna haki yao wenyewe iliyoguswa. Aliyeandika vipindi vitatu amekata hapo katikati. Rufani haikumpa ubunge mpya; iliifuta hukumu iliyomwondoa. Wananchi hawakurudi kituoni, kwa hiyo ni ushindi mmoja, kipindi kimoja, chenye pengo la zaidi ya miezi minane.

Ushindi wa pili una mtego wake. Uchaguzi mkuu wa 2015 ulikuwa 25 Oktoba, lakini Arusha Mjini hawakuchagua mbunge siku hiyo kwa sababu mgombea wa ACT-Wazalendo alifariki kabla ya kura. Mgombea akifariki baada ya uteuzi, kura ya nafasi ile husimamishwa katika jimbo lile na kupangiwa siku nyingine, wakati kura ya urais inaendelea. Arusha Mjini walipiga ya ubunge 13 Desemba 2015, Lema akashinda. Usikubali aandike "uchaguzi mdogo": huo hujaza kiti cha mbunge aliyeondoka, na hapa mbunge hakuwa amepatikana bado. Mwaka 2020 alishindwa na Mrisho Gambo wa CCM. Basi tangu 2010 hadi 2020 amegombea mara tatu, kashinda mbili.

Nassari aliingia Arumeru Mashariki kwa uchaguzi mdogo wa 1 Aprili 2012, baada ya kifo cha mbunge Jeremiah Sumari. Siku nne tu kabla ya hukumu ya Lema! Tunahisi ndiyo maana wanafunzi wanazichanganya habari hizo mbili. Akashinda tena 2015, kisha Machi 2019 Spika akatangaza kiti kiko wazi. Mahakama haikumvua, wala chama. Ibara ya 71 ya Katiba inasema mbunge hupoteza kiti akikosa mikutano mitatu mfululizo bila ruhusa ya Spika, na iliyohesabiwa ni ya Septemba na Novemba 2018 na ule wa Januari hadi Februari 2019. Wafafanulie neno lenyewe: *kikao* ni siku moja ya Bunge, *mkutano* ni mfululizo wa vikao wa wiki kadhaa, na ule wa bajeti huchukua miezi. Anayeandika "vikao vitatu" anamfanya mbunge aonekane kaponzwa na siku tatu za kutofika Dodoma.

Aliyemrithi, John Pallangyo wa CCM, alipita bila kupingwa. Waandike hivyohivyo, wasiweke asilimia 100, kwa kuwa hakuna karatasi ya kura iliyohesabiwa. Na palipo na asilimia, igawiwe kwa kura halali, siyo kwa idadi ya walioandikishwa.

SWALI: Dk. Godwin Mollel alishinda Siha 2015 akiwa Chadema, akashinda tena 2018 akiwa CCM. Ni vipindi viwili? *Msomaji, Majengo, Moshi*

JIBU: Ni ushindi mara mbili ndani ya Bunge moja, la 11. Ibara ileile ya 71 inamnyang'anya kiti mbunge anayeacha uanachama wa chama kilichompeleka bungeni. Alijiuzulu Desemba 2017, kura ya uchaguzi mdogo ikapigwa 17 Februari 2018. Angesubiri Bunge livunjwe ndipo ahame, uchaguzi huo usingekuwapo. Daftarini mpe mistari miwili, wa kwanza ukiishia Desemba 2017, wa pili ukianza 2018 na kuishia Bunge lilipovunjwa 2020.